Lubugo inapanda chati kwenye majumba ya sanaa, mbona mituba inaisha mashambani?

#1 Wanjala_Kla
Wadau, salaam.

Natengeneza fremu za picha hapa Kampala na wateja wangu wengi ni wasanii. Siku hizi kila ukigeuka unaletewa kazi iliyochorwa au kushonwa juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti uitwao mutuba. Kwenye karatasi ya maelezo maneno hayakosekani: mazingira, asili, dunia yetu. Sawa, hongera zao. Lakini wazee wanaoniletea lubugo kutoka pande za Masaka kila wakija wanalalamika: gome la kupata kwa shida, mituba ya kutafuta kwa tochi.

Kinachonishinda ni hiki. Huu ni mti unaochunwa, ukafungwa, gome likaota tena, mwaka unaofuata ukachunwa tena. Haukatwi. Soko lipo, wazungu wananunua, UNESCO waliutangaza ufundi wenyewe mwaka 2008. Kwa akili ya kawaida kitu chenye soko hupandwa. Huu mbona unapungua? Na hii sanaa ya mazingira inausaidia mti au inamsaidia mchoraji? Leteni hoja. Matusi bakini nayo nyumbani.

#2 BodaWaKawempe
Natandika mkeka hapa. Ila mkuu, fremu zako nazo ziangalie, bei imekuwa ya kiwanja.

#3 Nakku_Mpigi
Wanjala, turekebishe kwanza. Lubugo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005. Hiyo 2008 ni pale ilipohamishiwa kwenye ile Orodha Wakilishi ya urithi wa utamaduni pamoja na mengine yaliyotangazwa kabla.

Sasa swali lako. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha kupondea lubugo, sisi ni watu wa Ngonge, ukoo wa fisi-maji, na kazi hii ni yetu. Watu wanazungumzia mti kana kwamba unajichuna wenyewe. Unaenda asubuhi, msimu wa mvua, mti ukiwa na maji. Unaparua lile ganda la juu. Unazungusha kisu chini, unazungusha juu karibu na matawi, halafu unashusha mstari mmoja. Kubandua hatutumii chuma, tunatumia kabari iliyochongwa kwenye mgomba, kwa sababu ukiuchubua mwili wa ndani gome jipya linaota na makovu, na kovu ni tundu kwenye nguo ya mwakani. Ukimaliza unauvisha mti majani ya mgomba na kuufunga usichomwe na jua. Gome la kwanza kabisa ni zito, bei yake ndogo. Uzuri unaanza la pili kwenda mbele.

Kuponda ndiyo kazi sasa. Nyundo za mti, ensaamu, zina mifereji: unaanza na yenye mifereji mipana, unamaliza na yenye mifereji myembamba. Unapondea kivulini, kibandani, maana gome likikauka kabla halijatanuka umepoteza siku. Kuanika juani ni mwisho kabisa, na ile rangi nyekundu mnayoisifu inatokea hapo.

Hayo yote baba aliyafanya mpaka mabega yakakataa. Kaka zangu wote wameenda boda. Mti usio na fundi ni kivuli tu, na kivuli hakilipi ada. Jibu lako ndilo hilo, mafundi wamekwisha.

#4 BodaWaKawempe
Kaka zako nawafahamu nnyabo, ada wanalipa. Tena mmoja anadaiwa supu stejini kwetu.

#5 Afande_Mstaafu
Mnazunguka bure. Muuaji wa lubugo anajulikana, ni amerikani, ile nguo ya pamba. Wafanyabiashara wa Pwani walipoingia kwa Muteesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, na marobota ya nguo za pamba, wakubwa wakavua magome wakavaa kanzu, na wadogo wakafuata. Naona MtotoWaMvita yuko mtandaoni, ajibu kwa niaba ya mababu zake.

#6 MtotoWaMvita
Afande, shikamoo na pole kwa historia. Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda 1844, na aliyemkuta kwenye kiti ni Suuna. Muteesa bado. Na babu yangu aliuza nazi, robota la nguo alilisikia tu.

Halafu hoja yako haisimami. Amerikani iliwavua watu lubugo zaidi ya karne iliyopita. Wanjala anauliza juu ya miti inayopungua sasa hivi, sisi tukiwa hai. Hapo katikati mituba ilikuwepo miaka yote hiyo. Ilipandwa kwa mazishi, kwa kusimika wafalme, kwa kivuli cha kahawa. Tafuteni muuaji wa karibu, huyu wa 1844 ana ushahidi wa kutokuwepo.

#7 Mhaya_Mutukula
Na msiigeuze lubugo kuwa ya Buganda peke yake, sisi Wahaya huku mpakani tumeivaa vilevile na mpaka leo wapo wazee wanaojua.

Lakini kuna jambo mnaliruka. Masimulizi ya huko kwenu yanasema Kabaka Ssemakookiro, karne ya 18, aliamuru watu watengeneze lubugo na waivae. Kwa hiyo msishangae mti ulikuwa kila uani. Mti uliopandwa kwa amri ya mfalme hauna mwenye uchungu nao siku amri ikiondoka. Mwaka 1967 falme zikafutwa, zikarudi 1993. Hapo katikati kizazi kizima kimekua bila kumwona Kabaka aliyevaa lubugo kwenye kiti chake. Nani angepanda?

#8 Nakku_Mpigi
#7 una hoja nusu. Hata falme zilipofutwa watu waliendelea kufa, na Muganda alizikwa na lubugo. Soko la mazishi halikufutwa na katiba. Na tangu moto wa Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, Machi 2010, ukarabati ule ulihitaji lubugo nyingi kwa pazia na ndani yote mpaka kaburi likatolewa kwenye orodha ya hatari 2023. Uhitaji mkubwa ulikuwepo. Narudi kulekule: mafundi.

#9 Mlokole_Nansana
Mnaogopa kusema ukweli. Lubugo ni nguo ya maiti na ya mizimu. Ukiingia kwa mganga unaikuta, ukienda msibani unaikuta. Mtu aliyeokoka hawezi kuotesha uani kwake mti ambao kazi yake ni hiyo. Kwetu baba alipookoka alikata miwili siku hiyohiyo.

#10 MtotoWaMvita
Sanda ya pamba nayo inazikia watu kila siku na shati bado umevaa, ndugu yangu.

#11 Mlokole_Nansana
Shati halipigiwi ngoma usiku.

#12 Mkulima_Lwengo
Nimesoma kimya, sasa niseme kwa sababu mituba ninayo, nyie wengi mnaizungumzia tu.

Kwanza mjue mutuba haupandwi kwa mbegu. Unakata tawi nene kama mkono, refu kukuzidi kimo ili mbuzi wasilifikie, unalichomeka mvua zinapoanza, linaota. Ndiyo maana wazee waliutumia kwa uzio. Majani yake yanaoza haraka na kahawa iliyo chini yake haiungui kiangazi. Hata mabwana shamba siku hizi wanausifu, wakati baba aliujua bila semina.

Basi umepungua kwa nini? Mimi naona mambo mawili. Ule ugonjwa wa kunyauka kwa robusta ulioanza miaka ya 90 ulifuta mashamba. Kahawa ikifa, mti wa kivuli unabaki umesimama kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wakang'oa vyote wakaweka kalitunsi (mikaratusi), maana nguzo za kalitunsi mnunuzi anakufuata na lori mpaka shambani. La pili ni urithi. Kibanja cha babu kimegawanywa kwa wanangu na wana wa ndugu zangu, kila mmoja ana kipande. Mutuba ukikomaa unatandaza matawi mpaka kwa jirani, na jirani siku hizi ni mpangaji mwenye kesi. Mti mkubwa hauna nafasi kwenye kipande kidogo.

Na soko la wasanii mnalolisema, kuna mnunuzi mmoja wa mjini alichukua mzigo wangu wote kwa ahadi ya "maonyesho yakiisha". Maonyesho yaliisha, simu nayo ikaisha chaji moja kwa moja.

#13 Wanjala_Kla
#12 pole mzee, na asante, hiki nilikuwa nakitafuta. Ila kalitunsi ukiikata umemaliza, unasubiri tena miaka. Mutuba unalipa kila mwaka. Hesabu haikubali?

#14 Mkulima_Lwengo
Hesabu inakubali kwenye karatasi, mwanangu. Kalitunsi haimhitaji Nakku na nyundo zake. Nguzo inauzwa ikiwa nguzo. Gome lisilopondwa halinunuliwi na mtu.

#15 Nakku_Mpigi
Nilisema mimi.

#16 Fundi_Kasongo
Salaam, mimi fundi mwashi, kwetu Kongo lakini niko Entebbe siku nyingi. Mmesahau matofali. Piteni barabara ya Masaka muhesabu matanuri. Kila nyumba mpya ni tofali la kuchoma, na tanuri moja linakula miti usiku na mchana. Maembe yameenda, mifenesi imeenda, mituba nayo imeenda humohumo.

#17 Mkulima_Lwengo
Fundi, mutuba hauna moto. Una utomvu mweupe, ukiuchoma unalia moshi tu. Mchoma mkaa hautaki hata bure.

#18 Fundi_Kasongo
Mchoma mkaa anachagua mzee, tanuri halichagui. Kuni zinaletwa na gari zimekatwa tayari, nani anauliza huu ulikuwa mti gani? Nimepanga tanuri kwa mikono hii na utomvu umenigandia kwenye vidole, nikijua kabisa huu ni jamii ya mkuyu.

Na kwa kuwa mnazungumzia usanifu na mazingira, hapa Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, ile aliyoichora msanifu Mwitaliano Renzo Piano, ilifunguliwa 2021. Kuta zake ni udongo uliochimbwa palepale. Unatengeneza fomu ya mbao, unamwaga udongo tabaka kwa tabaka, unashindilia, ukivua fomu unaona mistari ya matabaka imelala mpaka juu. Tofali la kuchoma halimo kwenye kuta zile. Juu ya paa ni sola zaidi ya 2,000 zinazotia kivuli huku zinatoa umeme. Kazi ile ukiiona unaheshimu. Sasa swali langu kwenu wenye elimu: mbona kila anayejenga nyumba ya vyumba vitatu bado anataka tofali la tanuri? Hata yale matofali ya kufungana yasiyochomwa, mashine zipo nchini, watu wanasema ni "ya maskini".

#19 BodaWaKawempe
Mkuu, ukuta wa udongo kwetu kijijini tulikuwa nao, tatizo hakuja Mwitaliano kuuchora.

#20 DataMusoke
Wakuu, kurasa mbili sasa na hakuna aliyehesabu mti hata mmoja. Fundi anasema tanuri, mzee anasema kahawa, mlokole anasema mizimu. Vyote vinaweza kuwa kweli na vyote vinaweza kuwa porojo.

Angalieni AirQo pale Makerere. Tangu 2015 wanatengeneza vifaa vya kupima vumbi laini hewani, vya bei nafuu, vilivyobuniwa kwa mazingira haya yetu ya vumbi, joto na umeme wa kukatika. Wengine wanavipachika juu ya bodaboda, hewa inapimwa mtaa kwa mtaa. Kabla ya hapo kila mtu Kampala alijua hewa ni mbaya, lakini hakuna aliyejua mbaya kiasi gani na saa ngapi. Mituba inataka hivyohivyo: picha za setilaiti, vijana wenye simu, ramani. Sanaa isiyopima kitu ni pambo la ukutani. Samahani kwa wanaotengeneza fremu.

#21 BodaWaKawempe
Hicho kifaa nimekiona kwa mwenzangu. Tulimuuliza kama ni spika.

#22 Msanii_Ntinda
DataMusoke, umekuja na rula kwenye harusi.

Nani aliyemwambia dunia kwamba mutuba upo? Mwaka 2024 Uganda ilipokwenda kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mara ya kwanza, lubugo ilikuwa pale. Sanaa Gateja, yule mzee wa shanga za karatasi, anachukua karatasi zilizotupwa, anazikunja shanga, anazishona juu ya lubugo. Jose Hendo anaishonea mavazi London. Msimamizi wa banda, Acaye Kerunen, kazi zake mwenyewe ni za nyuzi: majani, ukindu, mgomba, vinavyosukwa na akina mama. Na Fred Mutebi, mchoraji wa chapa za mbao, hakuishia ukutani. Ameshirikiana na wakulima wa Bukomansimbi kuipanda mituba yenyewe. Sasa niambie, setilaiti yako imepanda mingapi?

#23 DataMusoke
Mara ya kwanza ilikuwa 2022, si 2024. Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda likapata tuzo ya kutajwa kipekee. 2024 ni mara ya pili. Unaona sasa kwa nini ninataka kuhesabu?

#24 Msanii_Ntinda
Hongera, umepima mwaka. Mti je?

#25 Wanjala_Kla
Msiuane. Msanii, hoja yako ya Bukomansimbi ni nzito na nitaifuatilia. Lakini mimi ndiye ninayezipima kazi zenu kwa futi. Kazi moja ya lubugo ukutani ni kipande cha mita mbili, na inakaa pale miaka. Msiba mmoja wa mtu mwenye jina unakula lubugo kuliko maonyesho mazima. Kwa wingi, soko la sanaa bado ni tone. Bei ndiyo imepanda, kiasi hakijapanda.

#26 Mwl_Iganga
Naomba nitoke nje ya mutuba kidogo, nitarudi.

Sisi Basoga tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila mpigaji ana sauti yake moja au mbili, ndipo wote kwa pamoja mnapata wimbo. Ilikuwa ya mambo ya ufalme. Mwaka 2012 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wazee waliobaki wakiujua wakihesabika kwa vidole. Sasa sikilizeni: walipotaka kuwafundisha vijana, waliambiwa hakuna vibuyu. Ile aina ya kibuyu kirefu ilikuwa imepotea mashambani. Hakuna aliyeing'oa kwa ubaya, hakuna tanuri, hakuna amerikani. Ngoma ilinyamaza, mbegu ikakosa mtu wa kuitunza. Mradi uliosimamiwa na mhadhiri wa muziki wa Kyambogo ukaanza na bustani kabla ya muziki: tafuta mbegu, panda, subiri, kausha, ndipo unganisha tarumbeta. Leo watoto wanapuliza.

Kwa hiyo Wanjala unapouliza kama sanaa inausaidia mti, mimi nasema kwa bigwala muziki na mmea walikufa pamoja na wakafufuka pamoja. DataMusoke angekwenda na setilaiti asingeona kitu.

#27 DataMusoke
Mwalimu, mfano mzuri, lakini mutuba hauko hivyo. Unasimama hata asiyeujua akipita. Kibuyu ni cha msimu, kisipopandwa mwaka huu mwakani hakipo. Umechanganya.

#28 Nakku_Mpigi
Hajachanganya. Mutuba usiochunwa muda mrefu gome lake linakuwa gumu na la mafundo. Umesimama, ndiyo, lakini kwa lubugo umeshatoka kwenye hesabu. Utaihesabu yote kwa setilaiti na nusu yake hakuna fundi atakayeigusa.

#29 Afande_Mstaafu
Na kuna sanaa ambazo zinamaliza viumbe, mbona hamzisemi? Engalabi, ile ngoma ndefu, kwa desturi inawambwa ngozi ya kenge. Ndongo, kile kinubi, vilevile. Kila harusi ya Kampala ina engalabi. Makenge wanatoka wapi?

#30 Mwl_Iganga
Afande, umegusa donda. Kenge ni mnyamapori, kumwinda bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, ni kosa. Shule nyingi siku hizi tunawamba ngozi ya mbuzi. Sauti inalika kidogo, ile "pa!" kali ya kenge hupati. Wazee wanatusema. Mimi nimeikubali ya mbuzi, ila sitasema ni sawasawa, sikio haliongopi.

#31 MtotoWaMvita
Kwetu Pwani mbuzi anatosha kabisa, tena akishaliwa.

#32 Mwl_Iganga
Na ile embaire yetu, marimba ya Nakibembe, inayozunguka dunia sasa hivi, vipande vyake ni vya mti, na chini yake panachimbwa shimo. Ardhi yenyewe ndiyo tumbo la ngoma. Wakiipeleka Ulaya jukwaani nafikiri shimo ndilo linalowasumbua.

#33 BodaWaKawempe
Kodi ya kiwanja inaongezeka.

Ila jamani, mmezungumza miti saa zote, sisi wa mjini mazingira yetu ni chupa na kaveera, mifuko ya plastiki. Kuna yule Ruganzu Bruno alijengea watoto uwanja wa michezo kwa chupa za plastiki, akapata tuzo ya TED mwaka 2012. Gulu kuna Takataka Plastics wanasaga chupa wanatengeneza vigae vya ukutani. Hiyo mimi naielewa. Lubugo ya mita mbili kwa bei ya pikipiki siielewi.

#34 Msanii_Ntinda
Boda, kazi za chupa nami nimezifanya. Tatizo lake hakuna anayelisema: jua. Chupa ikikaa nje msimu wa kiangazi inapauka, inakakamaa, halafu inaanza kumeguka vipandevipande, na vipande vile ni vidogo kuliko uchafu uliouokota. Unabaki umebadilisha takataka kubwa kuwa ndogo. Vigae vya Gulu viko ndani ya nyumba, hilo ni jambo lingine.

#35 Fundi_Kasongo
#34 ukweli. Hata paa la plastiki linafanya hivyo.

#36 BodaWaKawempe
Basi tuziache zote ziende Kiteezi?

#37 Nakku_Mpigi
Kiteezi usiifanyie mzaha. Agosti 2024 lilipoporomoka lile dampo watu zaidi ya 30 walifukiwa. Nilikuwa na mtu wangu kule.

#38 BodaWaKawempe
Pole sana nnyabo. Sikuwa nacheka.

#39 Mhaya_Mutukula
Turudi kwa mutuba kabla uzi haujafungwa. Mimi naona mmeacha muuaji mwingine: nyinyi wa Ngonge mnaulinda ufundi kama siri ya ukoo. Ukoo mmoja hauwezi kuvisha taifa. Mtu wa ukoo mwingine akitaka kujifunza anaonekana mwizi.

#40 Nakku_Mpigi
Huo ni uzushi wa mpakani. Ngonge ndio wenye kazi na Kaboggoza ndiye fundi mkuu wa kurithi, lakini mafundi wa koo nyingine wapo siku zote. Baba alifundisha yeyote aliyekuja. Waliokuja wakaona mikono inavyovimba, wakarudi kwao. Siri iko wapi hapo?

Na ukoo wenyewe uko mashakani. Mwiko wetu ni fisi-maji, na mabwawa anakokaa yanajazwa udongo yajengwe maghala. Taga Nuwagaba amechora wanyama wa miiko ya koo, Venice 2024 naye alikuwemo. Mtoto wangu alipoiona picha ya fisi-maji aliniuliza kama ni mbwa.

#41 Afande_Mstaafu
Mama, hiyo imeniuma hata mimi nisiye wa Ngonge.

#42 Wanjala_Kla
Nakku, nikuibie ujuzi. Lubugo ninayoifremu ikikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi inajikunja pembeni, mvua ikirudi inalegea. Gundi inaiacha na doa. Mnafanyaje?

#43 Nakku_Mpigi
Usiigandishe hata kidogo. Ishone pembezoni kwa uzi wa ukindu kama tunavyoziba matundu, uiache ipumue ndani ya fremu. Ukitia gundi na kioo juu, umeizika.

#44 Msanii_Ntinda
Wanjala, yaani zangu zote umetia gundi???

#45 Wanjala_Kla
Hoja ifuatayo tafadhali.

#46 DataMusoke
Mzee wa Lwengo, nina vijana wawili wana simu na muda. Nikiwatuma kwako mwezi ujao waanze na kijiji chenu, kila mutuba picha, unene wa shina, umechunwa lini mara ya mwisho, utawapokea? Nakku awaelekeze namna ya kutambua gome linalofaa.

#47 Mkulima_Lwengo
Waje, chakula kipo. Lakini kuhesabu miti ya watu si jambo la kuingia nalo kijijini na simu mkononi. Watasema mnatafuta mpaka wa ardhi, au serikali inaleta kodi ya miti. Mwone kwanza mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Na ninyi mnaokuja msije mikono mitupu: kila kijana akiondoka abebe tawi akachomeke kwao.

#48 BodaWaKawempe
Tawi refu kumzidi mtu kimo, kwenye boda? Usafiri nauleta mimi, ila polisi wa Lukaya mtazungumza nao wenyewe.

#49 Mlokole_Nansana
Mkifika Nansana na hayo matawi pitieni kwangu. Sijasema nataka kupanda. Nataka kuona tu kama kweli linaota bila mizizi.

#50 Mkulima_Lwengo
Linaota. Usilichomeke kichwa chini tu.